Nusu Saa ya Huỳnh Công Thạnh, Ambaye Hakuja kwa Mashua

Familia ya marehemu inawashukuru nyote mliofika leo, Jumamosi tarehe 14 Februari 2026. Kabla maisha yake hayajasimuliwa, kuna jambo la kusahihisha. Gazeti moja la hapa Sydney lilitoka juzi Alhamisi na picha yake, na chini ya picha likaandika kwamba ameaga dunia "mkimbizi aliyevuka bahari kwa mashua na kuyageuza machozi yake kuwa dhahabu." Maneno hayo ni matamu, wala hamna la kweli ndani yake. Marehemu angeyasoma, angelikunja gazeti mara nne akalitumia kufutia brashi. Jumba la sanaa lililowapa waandishi maneno hayo limeitaka picha kubwa aliyoichora, na limeomba familia ijibu kabla ya Jumatatu. Jibu mtalisikia humu humu. Kwanza yasikieni maisha aliyoyaishi kweli.

Huỳnh Công Thạnh alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Oktoba 1958, katika kijiji cha Tương Bình Hiệp, karibu na mji wa Thủ Dầu Một, kusini mwa Vietnam. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Bwana Huỳnh Công Mẫn na Bibi Võ Thị Út. Dada yake mkubwa ni Bibi Bích Loan, ambaye yuko nasi hapa, kiti cha mbele. Mdogo wao aliitwa Phát. Kijiji chao kinaishi kwa laka, yaani utomvu mweusi wa mti unaopakwa juu ya ubao tabaka juu ya tabaka hadi ubao ung'ae kama maji ya kisimani. Utomvu huo ni mkali. Humvimbisha mtu asiyeuzoea. Thạnh alipokuwa na miaka sita alifungua kopo la baba yake na kuchungulia ndani. Kesho yake uso wake ulikuwa umevimba, macho hayaonekani. Mama yake akamwosha kwa majani yaliyochemshwa, na majirani wakaja kumtazama wakicheka: "Haya, utomvu umemwonja. Sasa ni wa kwake." Hakuwahi kuvimba tena.

Alisoma shule ya msingi kijijini, na mwaka 1973 akaingia shule ya sanaa na ufundi ya mji wa Thủ Dầu Một, alikohitimu mwaka 1977. Mwalimu wake wa kwanza alimpa kila mwanafunzi ubao mmoja na kipande cha msasa, akawaambia wausugue ndani ya maji kwa muda wa miezi mitatu. Aliyeuliza kwa nini aliongezewa wiki mbili. Thạnh aliongezewa sita. Hapo shuleni alipata marafiki wawili wa maisha. Wa kwanza ni Dung, msichana aliyependa udongo kuliko laka, ambaye leo ni mfinyanzi mjini Berlin. Wa pili ni Bửu, ambaye hutengeneza vikaragosi vya filamu za watoto huko Montréal. Vita viliisha wakiwa darasani, na dunia ikawatawanya, lakini kila Jumapili hadi mwezi uliopita walionana kwenye simu, watu watatu wenye mvi wakitukanana kwa furaha.

Baada ya masomo alifanya kazi kwa miaka kumi na mitano katika chama cha ushirika cha kijiji. Kazi yenyewe ilikuwa kuchora korongo na mianzi kwenye sinia za kupelekwa nje. Ni korongo yule yule na mianzi ile ile, na hakuruhusiwa hata kumgeuza ndege shingo. Alisema aliwachora korongo hadi akawachukia korongo.

Mwaka 1981 dada yake Loan, akiwa na miaka ishirini na saba, na mdogo wao Phát, akiwa na miaka kumi na minane, waliondoka Vietnam kwa mashua. Loan alifika. Phát hakufika. Yaliyotokea baharini ni ya Bibi Loan, na familia haitayasema, kwa kuwa yeye mwenyewe hajasema kwamba yasemwe. Thạnh hakuwamo. Alibaki nyumbani kuwatunza wazazi, akawazika wote wawili, kisha dada yake akamwombea kibali cha kuja Australia. Alifika Sydney siku ya Jumanne, tarehe 19 Mei 1992, kwa ndege. Alikaa dirishani, alikula chakula mara mbili, na alificha kijiko cha plastiki mfukoni kwa sababu kilimpendeza. Mambo haya yameandikwa kwa urefu makusudi.

Alipata kazi Smithfield, katika kiwanda cha samani ambacho sasa kimefungwa. Kwa miaka kumi na minne alipuliza vanishi kwenye viti na meza akiwa na kitambaa usoni. Wafanyakazi walipoomba barakoa, bwana mkubwa aliwaambia barakoa ni za watu wenye mapafu ya kitoto. Ndugu zangu, mtu aliyesema hivyo amestaafu, anaishi kando ya bahari, na anapumua vizuri.

Mwaka 2006 alihamia kwenye ghala moja la Wetherill Park, idara ya kupanga mizigo. Wengi wenu mlimjua huko. Meza yao ya chakula ilikuwa na Wakongo, Warundi, Ronnie dereva wa foklifti, na yeye. Kiswahili ndicho kilichokuwa kikicheka pale mezani, na Thạnh hakuvumilia kuona watu wakicheka bila yeye kujua wanacheka nini. Akamwambia Bwana Murhula, mtu wa Bukavu aliyekaa karibu naye, amfundishe. Neno lake la kwanza lilikuwa pilipili, la pili lete. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anabishana, na baada ya miwili alikuwa anashinda. "Huyu mzee anaimba Kiswahili kama wimbo wa kanisa," Murhula alikuwa akisema, "lakini matusi anayatamka sawasawa."

Ni Murhula aliyemkaribisha nyumbani kwake Pasaka ya mwaka 2010. Huko alimkuta dada yake Murhula, Bibi Chibalonza, mjane aliyekuwa amefika mwaka uliotangulia na watoto wawili, Blaise wa miaka tisa na Divine wa miaka mitano. Bibi Chibalonza alikuwa ameanza kazi ya kuwahudumia wazee Fairfield. Thạnh alileta chupa ya mchuzi wa samaki kama zawadi. Chibalonza akaufungua, akaunusa, akauliza, "Huyu samaki alikufa lini?" Akajibiwa, "Mwaka jana, mama, lakini alikufa vizuri." Kuanzia hapo hawakuachana.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 13 Oktoba 2012. Kwa desturi ya kwao, Thạnh alipeleka posa ndani ya masanduku mekundu ya laka aliyoyatengeneza mwenyewe, yamebebwa na wenzake wa ghalani waliojipanga wawili wawili. Mjomba Balagizi, aliyekaa kwa niaba ya ukoo wa bibi harusi, alifungua sanduku la kwanza akakuta majani ya tambuu na popoo. Akidhani ni mtihani wa heshima kwa wakwe, akazitafuna popoo zote kumi na mbili bila kutema. Robo saa baadaye jasho lilimtoka, akainuka, akatangaza kwamba posa imekubaliwa, akalala kwenye kochi mpaka wageni wakaondoka. Hadi leo anasema alipewa dawa.

Nyumba yao ya Smithfield ilikuwa na bafu moja, na bafu hilo lilikuwa mali ya mbao zake za kuchorea. Laka haikauki kwa joto kavu. Hukauka penye unyevu. Kwa hiyo kila aliyeoga aliambiwa aoge kwa maji ya moto na aache mvuke. Januari moja, siku ya joto la kuchoma, mke wake aliona huruma, akazitoa mbao zote nje na kuziegemeza kwenye uzio.

"Baba Blaise, nimekukaushia mbao zako."

"Wapi?"

"Juani. Kwetu kila kitu kinakauka juani. Mihogo, samaki, godoro la mtoto."

"Hii inakauka kwenye mvua, mama."

"Kitu gani kinakauka kwenye mvua? Usinidanganye kwa kuwa ni cha kwenu."

Walizikuta zinanata kama asali, zimejaa vumbi, na nzi mmoja amekwama pembeni. Thạnh alisugua vumbi lote kwa siku tisa. Nzi alimwacha. Alimfunika kwa tabaka kumi na moja, na mke wake akawa anawaonyesha wageni: "Huyu ni wangu, nimechora mimi."

Mbao hizo zilikuwa sita, na zikiunganishwa zilifanya picha yenye upana wa mita mbili na nusu. Aliianza mwaka 2015 na kuimaliza mwaka 2018, akiiita Nusu Saa, maana nusu saa ndiyo muda wa chakula pale ghalani. Ndani yake kuna meza nyembamba na watu wanane wamevaa vizibao vya njano vya kazi. Vizibao vimetengenezwa kwa karatasi nyembamba za dhahabu, na ugali, wali na sahani ni maganda ya mayai ya bata yaliyopondwa na kupangwa punje kwa punje. Murhula yumo, ana tonge mkononi na mdomo wazi kwa kuwa alikuwa anazungumza. Ronnie yumo, anatazama saa. Hakuna anayelia. Thạnh aliwahi kumwambia mke wake kwamba ameishi miaka sitini na hajaona mtu yeyote aliyechora wafanyakazi wakila bila kuwaonea huruma, naye alitaka kuwa wa kwanza.

Marafiki zake wawili walimwonya kuhusu majumba ya sanaa. Wao watatu walikuwa na mashindano. Kila mwenye jumba la sanaa, mwandishi au mfadhili alipomwomba mmoja wao habari za mashua, huyo alipata alama moja, na mwenye alama nyingi alitumiwa peremende za tangawizi ifikapo Mwaka Mpya wa kwao, Tết. Dung wa Berlin alikuwa bingwa wa miaka mingi, ingawa alikwenda Ujerumani mwaka 1987 kwa ndege, na mkataba wa kazi ya cherehani mkononi.

"Leo wameniambia bakuli langu lina umbo la mashua," alisema Jumapili moja. "Bakuli! Lina umbo la bakuli!"

"Mimi angalau niliipanda," akajibu Bửu wa Montréal. "Na tangu hapo natengeneza sungura. Bado wananiuliza, sungura huyu anakimbia nini?"

"Nami sina hata alama moja," akasema Thạnh. "Huku ghalani hakuna anayeniuliza kitu ila kama nimekula."

Basi mwanzoni mwa mwaka 2019 jumba moja la sanaa mjini, ambalo familia imeamua kutolitaja, likasikia habari za picha hiyo na kuja kuiona bafuni. Msimamizi wa maonyesho alikuwa mama mpole mwenye sauti ya chini. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Na mashua iko wapi?" Thạnh akamjibu kwa adabu, kama mtu anayefunga mlango taratibu: "Mashua si yangu. Mashua ni ya dada yangu." Alidhani amemaliza maneno. Katika miaka yake yote hakuna sentensi aliyoijutia kama hiyo.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi mchana, tarehe 25 Mei 2019. Meza nzima ya Wetherill Park ilialikwa. Ronnie alitoa wazo kwamba, kwa kuwa kwenye picha wamevaa vizibao, basi na wao waende navyo, ili watu wawatambue. Wakakubali wote. Wakaingia katika ukumbi ule wa watu waliovaa nyeusi wakiwa saba, wanang'aa njano, viatu vya kazi vimepigwa rangi. Mara mama mmoja akamshika Murhula mikono yote miwili, machozi yakimtoka.

"Pole sana," alisema. "Pole kwa bahari."

"Bahari gani, mama? Mimi ni mtu wa Bukavu. Bahari niliiona kwa dirisha la ndege, nikafunga pazia nikalala."

Yule mama akazidi kulia. Ndipo Ronnie alipowaita waje kusoma kikaratasi kilichobandikwa kando ya picha. Jina la Nusu Saa halikuwepo. Kiliandikwa Baada ya Mashua, na chini yake: "Manusura wanane wameketi kana kwamba wangali chomboni. Meza nyembamba ndiyo mashua. Jaketi za kujiokolea bado hawajazivua."

"Jaketi za kujiokolea?" Ronnie alijivuta kizibao. "Hii si ya kampuni? Na mimi ni manusura wa nini? Nimezaliwa hapa hapa Sydney, Penrith."

"Manusura wa Penrith," akasema Murhula, na wote wakaangua kicheko.

Thạnh hakucheka. Alimwendea msimamizi, akamwomba arudishe jina. Yule mama akamweleza kwa upole, kama mtu anavyomweleza mgonjwa, kwamba watazamaji wanahitaji mlango wa kuingilia. Bila mashua, alisema, watu wataona wafanyakazi wanakula tu.

"Ndiyo," akasema Thạnh. "Wafanyakazi wanakula."

"Lakini Bwana Huỳnh, uchungu uko wapi?"

Kabla hajajibu, aliguswa begani. Alikuwa dada yake Loan, mwenye miaka sitini na mitano, amevaa áo dài, kanzu ndefu ya kwao, ya zambarau aliyoishona kwa ajili ya siku hiyo. Mkononi alikuwa na ratiba ya maonyesho. Ilikuwa imechapwa humo: saa tisa kamili, mbele ya picha, ushuhuda wa manusura wa mashua, dada wa msanii. Hakuna aliyemwuliza. Hakuna aliyempigia simu. Viti arobaini vilikuwa vimeshapangwa.

"Uliwaambia?" Loan alimwuliza.

Thạnh aliisoma ratiba hadi mwisho. Alikuwa amewaambia. Alikuwa amesema maneno machache ili kuilinda mashua ya dada yake, na wao wakayaokota, wakayapangia viti.

Wale waliomjua marehemu wanajua kwamba hakuwa mtu wa kupaza sauti. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kilichompanda siku ile hakikuwa hasira. Kilikuwa kinyaa, kile kile cha mtu anayekunywa maji halafu akaona kilichokuwa chini ya bilauri. Alitoa mfukoni kisu chake kidogo cha laka, akaanza kukibandua kile kikaratasi ukutani. Mlinzi akaja mbio. Alikuwa Mrundi, Bwana Lazare Habonimana, ambaye amekaa leo pale nyuma karibu na mlango, kwa mazoea.

"Sir, usiguse picha. Please," alisema kwa Kiingereza.

Thạnh, kwa kuchanganyikiwa, akajibu kwa lugha ya mezani kwake: "Siigusi picha. Nautoa uongo."

Lazare akasimama kama aliyepigwa na umeme. "Mzee, unasema Kiswahili?"

"Nasema. Na wewe unalinda nini hapa?"

Lazare alitazama kikaratasi, akatazama vile vizibao saba. Kisha akasema taratibu, "Mzee, mimi naenda kukagua lile dirisha la kule. Ni dirisha refu. Nikirudi nisikukute na kisu."

Alipomaliza kulikagua dirisha, mbao zote sita zilikuwa zimeshuka ukutani, na watu saba wenye vizibao vya njano walikuwa wanazibeba kuelekea mlangoni, Bibi Loan akiwatangulia. Na watazamaji wale, ndugu zangu, walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Wengine walisimama. Mama aliyemlilia Murhula alilia tena. Hadi anakufa, Thạnh aliposimulia habari hii hakuwahi kufika kwenye makofi bila kukunja uso kama aliyeng'ata shubiri. Lazare alipoteza kazi yake wiki ile, na hajawahi kuomba apewe pole.

Baada ya mwezi mmoja jumba lilimwandikia barua. Lilikuwa tayari kuichukua picha iwe yake ya kudumu, iangikwe daima, na jina lake lingewekwa pamoja na majina makubwa. Sharti lilikuwa moja: iitwe Baada ya Mashua. Hakujibu. Picha ikasimama nyuma ya mashine ya kufulia kwa karibu miaka saba, na hakuna jumba lingine lililompigia simu. Jumapili iliyofuata barua hiyo Dung na Bửu walimtangaza mshindi na kumtumia peremende. Hakuzila.

Jambo lililomkondesha si jumba. Ni dada yake, ambaye hakusema naye kwa miezi minne. Kila Jumamosi Thạnh alikwenda mlangoni kwake Cabramatta, akaacha matunda, akarudi. Ulipoanza mwezi wa tano wa kununa kwake, Bibi Loan alitokea Smithfield bila taarifa, ana sufuria ya mchuzi wa ukwaju. Akapita moja kwa moja hadi nyuma ya mashine ya kufulia, akazitazama zile mbao moja moja, kisha akaweka kidole penye nafasi kati ya Murhula na ukingo wa meza.

"Hapa anakaa nani?"

"Hakuna mtu."

"Niweke mimi."

"Dada, wewe hukufanya kazi pale."

"Kwani kula kunataka kibali?"

Ilimchukua mwaka mzima. Kuongeza mtu kwenye laka iliyokwisha kusuguliwa ni kuvunja na kujenga upya, na pumzi zake zilikuwa zimeanza kupungua. Alimweka pale mwaka 2020, ndani ya áo dài ya zambarau, anatia pilipili kwenye bakuli, anacheka. Kwa hiyo mmoja kati ya watu wa ile meza ni kweli alivuka bahari. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kuingia, na alichagua kuingia akila.

Mwaka 2022 aliacha kazi. Mwezi Agosti 2023 madaktari waligundua kwamba mapafu yake yamekakamaa, na hayatarudi. Hata hospitalini mgeni mmoja wa kujitolea alimwuliza kama ni maji ya bahari. Akajibu, "Hapana, mwanangu. Ni viti." Miezi yake ya mwisho alikuwa na mtungi wa hewa na mrija puani, lakini aliwasugulisha Blaise na Divine ubao mmoja ndani ya karai la maji, na yeyote aliyeuliza kwa nini aliongezewa wiki mbili. Aliaga dunia nyumbani, Jumanne tarehe 10 Februari 2026, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, wiki moja kabla ya Tết, mke wake akiwa amemshika mkono wa kulia na dada yake wa kushoto.

Alhamisi, gazeti likiwa bado lina wino mbichi, simu ililia. Alikuwa yule yule msimamizi wa maonyesho. Alitoa pole nzuri. Kisha akasema kwamba kwa kuwa sasa msanii hayupo, huenda mambo ya jina la picha yakawa mepesi. Jumba lingependa kuipokea Baada ya Mashua, na kuuita ukumbi kwa jina la marehemu, na lingefurahi kupata jibu kabla ya Jumatatu. Bibi Chibalonza aliomba dakika moja. Akaifunika simu kwa kiganja, akamgeukia wifi yake.

"Dada Loan, wanauliza tena."

Bibi Loan alikuwa anamenya vitunguu vya matanga. Hakuinua kichwa. "Wewe ndiwe mke. Mimi kazi yangu ni vitunguu."

Bibi Chibalonza akarudi kwenye simu, naye akasema kwa Kiingereza alichojifunza kwa kuwaosha na kuwalisha wazee wa watu. "Mume wangu alikuja kwa ndege. Picha inaitwa Nusu Saa. Andikeni hivyo, nanyi mtaichukua."

Halafu ile sauti ya chini ikasema kwamba itabidi washauriane, kwa kuwa wale manusura wanane ndio moyo wa maonyesho mapya.

"Ni tisa," akasema Bibi Chibalonza. "Na wanakula." Akakata simu, akachukua kisu, akakaa kumenya vitunguu na wifi yake.

Hawajapiga tena, na familia haitasubiri Jumatatu. Jana mchana wenzake wa ghalani walizibeba zile mbao sita hadi kwenye ukumbi wa parokia, wakaziangika juu ya meza ndefu. Hapo ndipo zitakaa. Hazina kikaratasi. Baada ya maziko nyote mnakaribishwa kukaa chini yake, kuna ugali, sombe, yaani kisamvu, wali na mchuzi wa ukwaju, na atakayemkosa nzi amwulize Bibi Chibalonza. Kama kuna mgeni kutoka mjini aliyekuja leo kwa ajili ya picha, naye akae, apewe sahani. Ila asimwulize mtu yeyote alifikaje.

Marehemu ameacha mke, Bibi Chibalonza. Watoto wawili, Blaise na Divine, aliowalea kama aliowazaa. Dada yake, Bibi Huỳnh Thị Bích Loan. Shemeji yake Murhula na Mjomba Balagizi. Marafiki zake Dung wa Berlin na Bửu wa Montréal, wanaotufuatilia kwa simu saa hii, mmoja kukiwa hakujapambazuka kwake. Na meza nzima ya Wetherill Park.

Mungu amlaze mahali pema, na wenye maswali wamwache alale.